Geuza dumu kabla hujalipa: plastiki inavyopewa umbo, na kwanini sisi wa Mtwara inatuhusu

Mtu akija dukani kwangu kununua dumu, beseni au tanki, kitu cha kwanza anauliza bei, cha pili anauliza "hili gumu?", afu analigonga kwa vidole anasikiliza. Kugonga hakukwambii kitu kikubwa. Mimi namwambia ligeuze uangalie chini, mana karibu kila kitu cha plastiki kinatoka kiwandani na alama, na ile alama inakueleza kimetengenezwa kwa njia gani, na njia ndiyo inayoamua kitapasukia wapi, kitabeba nini na kwanini bei yake iko vile. Kabla sijarudi nyumbani Mtwara kufungua hili duka la vyombo jirani na Soko Kuu nilikuwa kiwanda kimoja cha plastiki Dar, shifti za mchana na usiku, kwahiyo haya ninayoandika nimeyaona mashine ikiwa inawaka.

Chukua beseni. Ligeuze. Katikati kabisa ya kitako utakuta kidoti kimoja kinachokwaruza kidogo ukipitisha kidole. Hapo ndipo plastiki iliyoyeyuka iliingilia, yaani beseni zima hilo unaloogea limepita kwenye kale katundu. Ukiendelea kuangalia unaweza kuona viduara kadhaa bapa vilivyobonyea kidogo, hizo ni alama za pini zilizolisukuma litoke kwenye kalibu, yaani lile umbo la chuma linalolifinyanga, na wakati mwingine kuna kiduara chenye namba 1 mpaka 12 na mshale katikati, hiyo ni saa ya tarehe, mshale unaonyesha mwezi na namba mbili zilizo pembeni ya mshale ni mwaka. Wateja wengi wanaiona kila siku nyumbani na hawajawahi kuambiwa.

Hii njia ya kidoti inaitwa injekshen. Punje za plastiki zinamwagwa kwenye hopa, ile faneli kubwa juu ya mashine, zinashuka ndani ya pipa refu la chuma lililofungwa mikanda ya hita, na ndani ya hilo pipa kuna skruu kubwa inazunguka, inazisukuma mbele huku inazisaga, na joto lingine kubwa linatoka kwenye msuguano wa ile skruu yenyewe, sio hita peke yake. Zikifika mbele zimeshakuwa uji mzito wa nyuzi joto 200 na kitu, skruu inaacha kuzunguka inasogea mbele yote kwa mpigo, na ule uji unaingia kwenye kalibu ya chuma iliyofungwa kwa nguvu ya tani mia kadhaa, kwasababu presha ya ndani inaweza kuzidi mara elfu moja ya hewa ya kawaida na isipobanwa kalibu inafunguka plastiki inamwagika pembeni. Ndani ya chuma cha kalibu kuna mifereji ya maji baridi. Kipande kinapoa, kalibu inafunguka, pini zinasukuma, beseni linaanguka, kalibu inafunga tena. Sehemu kubwa ya muda wote huo ni kusubiri kipoe, kwahiyo bosi mwenye haraka anapunguza muda wa kupoza, na beseni likitolewa bado lina joto linajikunja, hayo ndiyo mabeseni unayoyaweka sakafuni yanacheza.

Mashine ya kwanza ya namna hii ilipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1872, ya ndugu wawili wanaoitwa Hyatt, ila ilikuwa inasukuma tu kwa pistoni, hiyo skruu ilikuja 1946 na mtu anaitwa James Hendry, na hapo ndipo plastiki ikaanza kuchanganyika vizuri rangi na vyote. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet akatengeneza kiti cha plastiki cha kipande kimoja kwa chini ya dakika mbili, na ukoo wa kile kiti ndio huu uliojaa kwenye kila shughuli ya ndoa, kila kilabu cha kahawa na kila baraza kuanzia Shangani mpaka Mikindani.

Sasa kwanini nakwambia habari ya kidoti? Kwasababu pale plastiki inapoingilia pana mvutano umebaki ndani, beseni likianguka limejaa maji ufa mara nyingi unaanzia pale pale na kutanuka kwenda pembeni. Vilevile kwenye kiti, uji ukikutana baada ya kuzunguka tundu, pale unapokutana haushikani vizuri kama sehemu nyingine, na kiti kimejaa matundu. Ongeza jua letu. Plastiki ya viti na mabeseni mengi ni polipropilini, yenye namba 5 ndani ya pembetatu, na hiyo ikikaa juani bila dawa ya kuzuia mionzi inachuja, ukiipitisha kiganja inaacha unga mweupe. Kiti kikishaanza kutoa unga usimkaribishe mzee akae.

Dumu ni habari nyingine kabisa. Ligeuze, hutaona kidoti, utaona mstari mmoja umepita katikati ya kitako, na huo mstari unapanda ubavuni mpaka mdomoni na unapita hata ndani ya mkono wa kushikia. Huku wanapuliza. Mashine inashusha bomba la plastiki laini, ya moto, linaning'inia hewani, kalibu ya pande mbili inakuja inalibana huku na huku, chini inalikata na kuliziba, hewa inapulizwa ndani na lile bomba linavimba mpaka linagusa kuta za kalibu na kupoa hapo. Ndiyo mana mkono wa dumu una uwazi ndani. Likitoka linakuwa na makia ya plastiki juu na chini, kijana anasimama pale na kisu anayakata yakiwa bado ya moto, anayatupa kwenye krasha, yanasagwa na kurudi kwenye hopa. Niliifanya sana hiyo kazi ya kisu, na nikwambie mkono unajua dumu baya kabla ya jicho: ukikata kia la chini ukasikia jembamba mno, basi pale plastiki haikubanwa ikashikana sawasawa, na hilo dumu litavuja chini kwenye mstari, sio leo wala kesho, ila siku limejaa na limepigwa na tuta la barabarani.

Kwahiyo ukinunua dumu, bonyeza kwa dole gumba pembe za chini, zote nne. Pembe ni mbali, plastiki inavutika ikifika huko, inakuwa nyembamba kuliko ubavu. Pembe ikibonyea kirahisi huku ubavu umekaza, rudisha chukua lingine. Na mstari wa kitako uwe umenyooka, umejaa, usiwe na bonde.

Hapa nasimama kidogo mana kuna jambo linaniumiza. Madumu haya ni polithini nzito, namba 2, na polithini inanyonya mafuta na dawa za kimafuta, zinaingia ndani ya ukuta wenyewe. Kwetu msimu wa kupulizia mikorosho watu wanatumia salfa ya unga kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga na wengine dawa za maji, na vile vyombo vya dawa vikiisha vinaonekana vizuri, vigumu, vina mfuniko mzuri. Mzee mmoja wa huko Nanyamba alikuja na kidumu cha lita tano, kisafi kabisa, akaniambia, "Mjomba, nitafutie mfuniko wa hiki, nataka nichukulie maji ya shamba." Nikakinusa. Harufu ya dawa bado ipo na kilikuwa kimeoshwa kwa sabuni na mchanga mpaka kimekwaruzika. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, hiki tafadhali usinywee, dawa haiko juu yake, iko ndani yake, na maji yakikaa juani yanaitoa kidogo kidogo." Alinisikiliza, nikamuuzia kingine kwa bei niliyonunulia. Chombo cha dawa unakisuuza mara tatu, maji ya kusuuza unayamwaga kwenye bomba la kupulizia yatumike shambani, afu unakitoboa chini ili asije mtu akakiokota. Dumu la mafuta ya kula ukilifanya la maji halina shida, harufu tu. Lililobeba mafuta ya taa, petroli au dawa, hapana, hata likioshwa na nani.

Chupa ya maji ya kunywa nayo imepulizwa, ila kwa hatua mbili. Kwanza wanatengeneza kwa injekshen kijichupa kinene kifupi chenye shingo na nyuzi za kizibo tayari, baadaye kinapashwa moto, fimbo inaingia ndani kukivuta urefu huku hewa inakitanua upana. Huko kuvutwa pande mbili ndiko kunakoipa nguvu ile chupa nyembamba ibebe soda yenye gesi isipasuke, na aliyeipatia hataza mwaka 1973 ni Mmarekani Nathaniel Wyeth. Ndiyo mana pia ukimimina chai ya moto inanywea ghafla, ule mvuto uliofungiwa ndani unaachiwa joto likipita kama nyuzi 70 na kitu, shingo inabaki nzima kwasababu yenyewe haikuvutwa. Wanaopakia asali au mafuta ya nazi kwenye hizi chupa wasubiri ipoe kabisa.

Mabomba, kamba, nyuzi za nyavu na sandarusi zote ni ukoo mmoja, plastiki inasukumwa na skruu ile ile ila haiendi kwenye kalibu ya kufungwa, inapita kwenye tundu lenye umbo na kutoka bila kukoma, inaingia kwenye maji inapoa, inakatwa. Bomba la PVC na lile jeusi la rola yanatoka hivyo, na lile jeusi likiwa na mistari ya buluu ni la maji, ya njano ni la gesi. Soma maandishi ubavuni, yana saizi na presha yake, lisilo na maandishi mimi siliuzi. Sandarusi wanaanza na karatasi pana ya polipropilini, wanaichana vipande vyembamba, wanavivuta mpaka vikaze, ndiyo wanafuma. Jua linaimaliza, umeshaona kiroba kilichoachwa nje kinavyovunjika vunjika vipande vidogo vidogo. Na korosho ghafi hatuzitunzi humo, zinakwenda kwenye magunia ya juti, yanapumua, unyevu unatoka. Mifuko ile ya kubebea tuliyoiacha tangu tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa inapulizwa kwenda juu, puto refu jembamba lenye urefu wa ghorofa, linakunjwa juu na roli. Vikopo vya mtindi na boksi za chipsi ni shiti, yaani karatasi ya plastiki, iliyopashwa moto ikanyonywa kwenye umbo, basi.

Kuna aina moja ambayo haiyeyuki tena. Mpini mweusi wa sufuria, soketi za umeme za zamani, na zile sahani za melamini za maua ambazo kila mama wa pwani anazo kabatini za wageni. Zile zinawekwa unga kwenye kalibu ya moto, zinakandamizwa, na joto linazifunga moja kwa moja, ni sawa na tofali la kuchoma, likishaiva halirudi kuwa udongo. Bakelaiti ya Leo Baekeland ya mwaka 1907 ndiyo ya kwanza iliyotengenezwa kiwandani yote bila kitu cha asili. Ndiyo mana mafundi wa kuziba wanaopita mitaani na kisu cha moto hawawezi kukuzibia sahani ya melamini, wanaweza beseni.

Na hapo kwenye kuziba niseme, mana watu wanapoteza hela. Gundi haishiki kwenye polithini wala polipropilini, hata ile kali ya dukani inayoshika vidole, itakaa wiki itabanduka. PVC ndiyo inashika kwa gundi yake, kwasababu ile gundi inalainisha bomba lenyewe. Tanki, dumu, beseni, dawa yake ni moto, na kiraka kiwe cha plastiki ile ile: angalia namba, 2 kwa 2, 5 kwa 5. Fundi akichukua kipande cha kiti akakiyeyushia kwenye dumu kitaonekana kimeshika, ukilijaza dumu maji kinatoka kizima kizima.

Sasa tanki, ndicho kitu kinachouzika zaidi kwangu watu wa Newala na Tandahimba wakishuka mjini, mana huko juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya shida toka zamani, mtu akishaezeka bati, jambo la pili anatafuta pa kukingia mvua. Tanki halina kidoti, halina mstari wa kitako uliobanwa, na halijapulizwa. Unga wa polithini uliosagwa punje zisizozidi nusu milimita unamwagwa ndani ya kalibu ya bati la chuma, kalibu inafungwa inaingizwa kwenye oveni na inazungushwa polepole pande mbili kwa wakati mmoja, unga unaangukia kwenye ukuta wa moto unayeyuka unaganda hapo, tabaka juu ya tabaka, mpaka unga wote umeisha. Afu inatolewa inaendelea kuzunguka huku inapoozwa. Inachukua muda, nusu saa, saa nzima, wakati beseni ni sekunde. Lakini hakuna presha, hakuna mvutano mkubwa unaobaki ndani, na pembe zinapata plastiki ya kutosha, zinaweza hata kuwa nene kuliko ubavu, kinyume kabisa na dumu. Rangi nyeusi ya nje ni masizi ya kaboni, yanazuia jua lisiile plastiki na mwanga usiingie ndani ukaotesha ukijani. Ukinunua tanki chungulia ndani mchana mfuniko ukiwa umefungwa nusu, ukiona mwanga unapenya ukutani, kuta ni nyembamba. Na ukilipeleka nyumbani liweke kwenye msingi bapa wote, tanki likikaa juu ya mawe mawili matatu linapasuka chini, na hapo usimlaumu aliyelitengeneza.

Bei ya tanki hapa Mtwara inawashangaza watu wakilinganisha na Dar. Nawaambia tazama lori. Mabeseni yanaingiliana mia kwa mia kwasababu lazima mdomo uwe mpana kuliko kitako, bila hivyo lisingetoka kwenye kalibu, na huo mteremko ndio unaofanya yapangike. Dumu haliingiliani. Tanki haliingiliani, labda utie dogo ndani ya kubwa. Kwahiyo kwa zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar unalipia hewa, na mteja wa Newala anailipia tena kupandisha mlima. Wenye viwanda vya maji hili walishaliona siku nyingi, ndiyo mana wengi wanasafirisha vile vijichupa vinene na kuvipuliza pale pale wanapojaza maji.

Vijana wakikaa hapa nje ya duka wanauliza, gesi si yetu, kwanini tusitengeneze plastiki hapa? Gesi asilia inayochimbwa hapa kwetu Mnazi Bay, kule Msimbati, karibu yote ni methane, na polithini inaanzia kwenye gesi nyingine, ethilini, ambayo viwandani inatoka zaidi kwenye gesi ya ethane au nafta ya mafuta ghafi. Iko njia ya kuzunguka kupitia methanoli, aina ya alkoholi, China wanaifanya kwa makaa ya mawe, ila huo ni mtambo mkubwa mno. Punje tutaendelea kununua, na punje zinasafiri vizuri, gunia limejaa plastiki tupu bila hewa. Kinachotakiwa kufanyika huku ni kuzipa umbo.

Na sio kwa injekshen. Kalibu moja ya kiti inaweza kufika mamia ya maelfu ya dola na inataka uuze viti vingi mno ndiyo ilipe. Kuzungusha, njia ile ya tanki, ndiko kunakofaa kwetu, kwasababu kalibu haibebi presha, ni bati la chuma lililokunjwa na kuchomelewa vizuri, mafundi wa kuchomelea wa hapa mjini wanalijua bati. Mimi nisingeanza na tanki hata. Ningeanza na kasha la samaki. Nenda pale feri ya Msangamkuu au Mikindani asubuhi uone barafu inawekwa kwenye nini: mafriji mabovu yaliyolazwa chali, ndoo za rangi, masanduku ya mbao yaliyofunikwa magunia, na samaki huyo anategemewa afike Masasi. Kasha la kuzungusha lina kuta mbili kwa mpigo mmoja, katikati unapuliza povu la kuzuia joto, tundu la kutolea maji chini, halina kiungo cha kuvuja, halina chuma cha kushika kutu na maji ya chumvi, na pembe zake zimejaa kwahiyo hata likitupwa kutoka kwenye boti halipasuki kirahisi. Nimeshalichora na vipimo vyake lipande nyuma ya bodaboda. Kinachobaki ni oveni, na oveni za kazi hii nyingi zinawashwa kwa gesi asilia, hiyo hiyo methane ya Msimbati.